Kadi ya Njano kwa Daktari Kapu

Daktari Wembe alikuwa hajafungua mdomo sawasawa, Daktari Kapu ameshapeleka mkono nyuma ya sikio na kuzima kifaa chake cha kusikilizia. Tiki! Ndivyo mikutano yote ya Jumatatu ilivyoanza katika maabara ile ya patholojia, yaani ya kusoma magonjwa kwenye darubini. Wembe anasimama na kusafisha koo. Kapu anakunja mikono juu ya tumbo, na uso wake unatulia kama wa mtu aliyeingia bafuni akafunga mlango. Wembe akimaliza na kukaa, mkono unarudi sikioni. Tiki! Karibu tena duniani.

Majina hayo hawakupewa na wazazi wao. Waliyachuma siku moja kwenye mkutano wa madaktari, ukumbi umejaa, walipokuwa wakibishania kitabu kipya cha kuainisha limfoma. Limfoma ni saratani ya chembe za kinga mwilini, na ukoo wake ni mkubwa kuliko wa mtu yeyote unayemfahamu: wamo wapole, wamo wakali, na wamo wale adimu, wakali kupindukia, ambao ukichungulia nyuma yao unamkuta kirusi amejibanza. Kila baada ya miaka kadhaa kitabu huandikwa upya, na hapo magonjwa mengine hufungishwa ndoa na mengine hupewa talaka. Siku hiyo Wembe alisimama kutetea ugonjwa mmoja ugawanywe uwe miwili.

"Wewe dada ni wembe," Kapu alimwambia mbele ya watu. "Tukikuacha utakata na kukata mpaka kila mgonjwa awe na ugonjwa wake peke yake."

"Afadhali wembe kuliko kapu," Wembe akajibu hata hajameza mate. "Wewe unawatia wote humo humo, mboga na viatu."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Kicheko kilikwisha, majina yakabaki, na tangu siku hiyo wawili hao hawakusemeshana tena. Kila mmoja alikuwa na darubini yake, mmoja dirishani na mwingine ukutani, wamepeana migongo. Katikati ya chumba kulikuwa na darubini ya vichwa viwili, iliyonunuliwa ili madaktari wawili wakae wakitazamana na kuangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ilikuwa imefunikwa mfuko wa plastiki, na juu yake umelazwa mwavuli usio na mwenyewe, kando ya chungu cha ua lililokufa zamani bila kuzikwa.

Kazi haiendi kwa migongo, lakini. Ilihitaji mtu wa kupeleka maneno, na mtu huyo alikuwa Daktari Mdogo.

Daktari Mdogo alikuwa bado anasomea patholojia, mama wa kitoto cha kike kilichoanza kukaa juzijuzi tu, na tangu arudi kutoka likizo ya uzazi alikuwa anavuka chumba kile kutoka dirishani kwenda ukutani na kurudi kama mhudumu wa hoteli mwenye meza mbili zinazochukiana.

"Mwambie huyo mama," Kapu angesema, "macho yake yanahitaji kusuguliwa kwa sabuni."

Daktari Mdogo angevuka chumba. "Daktari anaomba ukipata nafasi uitupie jicho tena, tafadhali."

"Mwambie huyo mzee akatafute fimbo ya kumwongoza barabarani."

Angevuka tena. "Daktari anashukuru kwa maoni yako."

Alikuwa amekuwa hodari hasa. Mtu mwenye mtoto mchanga hujifunza kujua kilio cha njaa na kilio cha usingizi bila kuhitaji maneno, na Daktari Mdogo naye alikuwa ameshaacha kusikiliza wanachosema wakubwa wake. Alisikiliza joto la maneno tu, akalipooza, akalipeleka likiwa vuguvugu. Hata wiki ile Kapu alipochachamaa kuliko kawaida, Wembe akiwa ametoka chumbani, "Mwambie maabara yake imekuwa jalala! Kila kioo cha slaidi siku hizi kina kipande cha tonsili kilichopotea njia! Tonsili ya kooni kwenye utumbo! Tonsili kwenye goti! Goti lina tonsili tangu lini?", Daktari Mdogo alisubiri Wembe arudi, akavuka chumba, akatabasamu na kusema, "Daktari anakusalimia."

Wembe alishangaa kidogo, akasema naye asalimiwe. Amani ikatawala. Maisha yangeendelea hivyo hivyo kama baba mkwe wake Daktari Mdogo asingejaa maji kifuani.

Baba mkwe huyo alikuwa refa mstaafu wa mpira wa miguu, na mtaa mzima, pamoja na mkewe, ulimwita Refa. Moyo wake ulikuwa mchovu kwa miaka, unapiga kama mtu anayepanda ngazi na mizigo. Alistaafu uwanjani lakini hakustaafu moyoni: kipenga kilikuwa shingoni, kadi ya njano mfuko wa kulia, nyekundu mfuko wa kushoto. Alipolazwa alizihamishia kwenye mifuko ya pajama. Nesi wa kwanza kumchoma sindano mara mbili kwenye mshipa mmoja alionyeshwa ya njano papo hapo.

"Kurudia pale pale ni rafu," Refa alimweleza kwa upole. "Mara ya tatu unatoka."

"Mwanamume mzima unaumwa na filimbi shingoni kama mbwa wa sarakasi," alisema mkewe, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda na mjukuu mgongoni. Mama mkwe huyu alikuwa hana meno mengi, ila ulimi wake ulifanya kazi ya yote yaliyong'oka. Kila mchana alimleta mtoto hospitali, anyonyeshwe na mama yake pale pale wodini, na babu apate kuvutwa masharubu.

Walimtoa maji kifuani yakajaza chupa, mekundu kidogo kama chai ya rangi, na sehemu yake ikapelekwa maabara. Chembe zilizokuwamo zilikuwa kubwa, mbaya, zenye viini vilivyopinda pinda. Daktari wa wodi, mwanamume mrefu aliyezoea kuinama milangoni, aliwaita Daktari Mdogo na mama mkwe kando ya kitanda cha Refa.

"Ni limfoma," alisema. "Ya aina adimu. Haioteshi uvimbe popote, inaishi ndani ya maji tu."

"Kama chura," alisema mama mkwe.

"Kama chura, mama. Sasa, kuna magonjwa mawili ya namna hiyo, yanafanana kama pacha. Wa kwanza una kirusi ndani ya chembe zake, tunamwita kirusi namba nane. Huo ni mkali sana, unataka dawa nzito, na mapema. Wa pili hauna kirusi hicho. Huwapata wazee ambao moyo umewajaza maji, na mara nyingi hutulia kwa kutoa maji na kupewa dawa nyepesi."

"Nipe nyepesi," alisema Refa.

"Nikikupa nyepesi kumbe ni ule mkali, utatupita mbio. Nikikupa nzito kumbe ni ule mpole…" Alimtazama Daktari Mdogo. "Moyo wa mzee hauwezi dawa nzito bila sababu. Unaweza kusimama. Nasubiri maabara waniambie kirusi yupo au hayupo."

Sheria za maabara ile zilikuwa mbili. Ya kwanza: ugonjwa adimu hautolewi jibu mpaka madaktari wakubwa wawili waweke saini, na wakubwa walikuwa wawili tu. Ya pili: kesi ya ndugu yako huigusi. Huisomi, huiulizii, wala hupeleki neno lake kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo siku majibu yalipotoka, Daktari Mdogo alikuwa amekaa kwenye kona yake, mikono mapajani, kama mtoto aliyeambiwa asishike keki. Kapu aliinua kichwa dirishani. "Yupo!" alisema, akaandika. Baada ya muda Wembe aliinua kichwa ukutani. "Hayupo," alisema, akaandika. Kapu, ambaye sikio lilikuwa limezimwa, hakusikia kitu.

Karatasi mbili zikarudi kwa daktari wa wodi. Moja yupo, moja hayupo, saini moja moja. Akazirudisha na kuomba wakubaliane. Kapu akaangalia tena slaidi ileile kwenye darubini yake, akaona kilekile. Wembe akaangalia tena kwenye yake, akaona kilekile.

"Mwambie huyo mama…" Kapu alianza.

"Siruhusiwi, daktari. Ni baba mkwe wangu."

"Ah. Kweli." Kapu alikuna kidevu. "Sasa nani atamwambia?"

"Labda wewe mwenyewe."

Kapu alimtazama kana kwamba ameambiwa ameze kijiko. Huku ukutani Wembe alisikia yote, akageuza kiti kidogo, akakirudisha. "Mimi sikio la mtu silifungui kwa bisibisi," aliuambia ukuta.

Daktari Mdogo alijaribu kila mbinu. Alileta chai, vikombe viwili kwenye sinia moja, akaiweka katikati karibu na ua lililokufa. Kila mmoja akaja kuchukua chake kwa wakati wake. Alimleta mtoto, maana wote wawili walimpenda. Kapu akambeba, akamchekesha, akamrudisha kwa mama ili Wembe naye apate zamu. Mtoto alibebwa na pande zote mbili bila suluhu, akatapika kidogo kwa kila upande kwa haki sawa.

Na wodini maji yalikuwa yanarudi. Siku hiyo mchana Daktari Mdogo alimkuta Refa ameegeshwa kwenye mito mitatu, anazungumza kwa vipande, kila maneno mawili matatu anasimama kupumua. Mama mkwe alikuwa amenyamaza. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Mama mkwe kunyamaza ilikuwa kama friji kuacha kunguruma. Unashtuka, unajua kuna kitu kinaharibika.

Alikaa, akampa mtoto titi, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Kwani… majibu?" aliuliza Refa.

"Sitakiwi kusema, baba."

"Mimi ndiye… mwenye mwili."

Akamweleza. Kwamba mmoja anasema yupo, mwingine anasema hayupo, kwamba hawasemeshani, kwamba daktari wa wodi hawezi kuanza dawa yoyote, na kwamba yeye mwenyewe amefungwa mikono na mdomo.

Refa alisikiliza macho yamefumbwa. Alipoyafumbua yalikuwa na cheche ambazo mkewe hakuziona kwa siku nyingi.

"Washika vibendera wangu wakigongana… mmoja ofsaidi, mwingine si ofsaidi… nilikuwa nawaita. Wote. Kati. Hawa wenu… nani anawaita?"

"Hakuna, baba."

"Basi mechi… haina refa." Akageukia mkewe. "Mama watoto. Kiti cha magurudumu."

"Unakwenda wapi na hali hiyo?"

"Kazini."

Mama mkwe akasimama, akajifunga kibwebwe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ulimi wake ukarudi. "Basi vaa viatu. Usiende kunitia aibu na ndala za hospitali."

Daktari wa wodi aliombwa ruhusa. Alitazama ile miguu miwili iliyovimba ndani ya viatu vyeusi vilivyong'arishwa, akatazama karatasi zake mbili, akasema mgonjwa ana haki ya kuonana na madaktari wake, mradi mtungi wa hewa uende naye. Wakashuka kwa lifti: Refa mbele na mtungi mapajani, mama mkwe akisukuma kiti kama anasukuma toroli la sokoni kuliko na watu wakaidi, Daktari Mdogo nyuma na mtoto kiunoni.

Chumba cha kusomea slaidi kilikuwa kama kilivyokuwa siku zote. Wembe alikuwa anaongea kwa simu, kwa hiyo sikio la Kapu lilikuwa limelala. Mama mkwe aliusukuma mlango kwa goti. Refa alivuta hewa kwenye mtungi, akaweka kipenga mdomoni, akapuliza kwa pumzi yote aliyobaki nayo.

Priiiii!

Wembe aliruka, simu ikaingia kwenye kikombe cha chai. Fundi wa maabara wa chumba cha pili aliangusha kitu cha chuma kilichochukua muda mrefu kumaliza kuanguka. Kapu hakutikisika. Aliendelea kuinamia darubini yake, anapiga mluzi kidogo kwa raha zake.

"Kiziwi?" Refa aliuliza.

"Amejizima," alisema Daktari Mdogo.

"Nisogezeni."

Mama mkwe akasukuma kiti mpaka kwenye meza ya dirishani. Refa akatoa kadi ya njano mfukoni, akaipitisha taratibu chini ya macho ya Kapu, kati ya jicho na darubini. Dunia yote ya Kapu ikawa njano. Kwa muda alidhani ni rangi mpya ambayo Wembe ameileta maabara bila kumwambia, akaguna. Kisha akainua kichwa na kukuta mzee wa pajama na viatu vya kung'aa, mkono umenyooka juu, kadi juu ya mkono, na uso usio na mzaha hata chembe.

Refa aligusa sikio lake mwenyewe. Washa.

Tiki.

"Mimi," alisema Refa, "ndiye yale maji. Mmoja anasema… yupo. Mwingine… hayupo. Nataka wote wawili… pale." Akaonyesha kidole kwenye darubini ya vichwa viwili.

"Mzee wangu," alisema Kapu, "mambo haya ni ya kitaalamu, mimi na huyo mama hatu…" Mkono wake ulianza kupanda kuelekea sikioni kwa mazoea.

"Ukizima," Refa akasema, mkono mwingine ukiingia mfuko wa kushoto, "nyekundu."

Mkono wa Kapu ukashuka.

Mwavuli uliondolewa. Ua likapata mazishi yake kwenye ndoo ya taka. Mfuko wa plastiki ulipovutwa vumbi lilipanda, wote wakapiga chafya, na mtoto akacheka. Ikabaki kujua nani atakaa kiti cha mwenye kuendesha slaidi na nani atakuwa mtazamaji. Wakaanza kubishana, kwa kuzungumza na mama mkwe, si wao kwa wao.

"Mwambie nimemzidi umri," alisema Kapu.

"Mwambie nimemzidi macho," alisema Wembe.

"Mimi si simu yenu," alisema mama mkwe. "Rusheni sarafu."

Sarafu ikampa Kapu. Akakaa, akanyoosha mgongo, akaichukua slaidi ya kirusi kwa mkono wake wa kushoto na kuibana mahali pake. Wembe akakaa upande wa pili, akainama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukumbini, vipaji vya nyuso zao vilikaribiana kiasi cha kugongana.

Daktari Mdogo alisimama mlangoni, amembana mtoto. Hakuruhusiwa kuangalia darubini, na hakuangalia.

"Haya! Hao hapo!" alisema Kapu kwa furaha. "Vidoa vya kahawia, ndani ya kila kiini. Kirusi namba nane amejaa tele. Au macho yangu yanahitaji fimbo?"

Wembe alizungusha gurudumu la kusafishia picha, akalirudisha. Aliondoa miwani, akairudisha.

"Ni kweli," alisema polepole. "Yupo."

Mama mkwe alishika mabega ya mumewe. Daktari Mdogo akamwona Refa akiitazama kadi yake kama mtu aliyepuliza penalti dhidi ya timu ya nyumbani.

"Umesema ni kweli?" Kapu alikuwa hajaamini bahati yake. "Rudia, niongeze sauti."

"Lakini sielewi," alisema Wembe. "Mara mbili nimeiangalia. Mara mbili! Hapakuwa na kahawia hata ya dawa."

Daktari Mdogo alishusha macho mezani ili asilie mbele ya mzee. Na pale mezani, ambapo hakuna sheria iliyomkataza kutazama, aliiona slaidi imekaa chini ya taa, na karatasi ndogo nyeupe yenye namba ya mgonjwa imebandikwa kwenye ncha yake. Upande wa kulia.

Maabara nzima, tangu mwanafunzi wa kwanza mpaka fundi wa mwisho, huweka lebo kushoto na kuanza kusoma kutoka kulia.

"Lebo iko kulia," alisema.

"Unasemaje?"

"Lebo, daktari. Umeigeuza."

"Sijageuza chochote," alisema Kapu. "Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Nimeziweka hivi tangu sijaota mvi."

Wembe aliinua kichwa polepole sana. "Unaziweka hivi. Halafu unaanza kusoma kutoka kulia."

"Kila mtu anaanza kulia."

"Basi unasoma kontroli!"

"Kontroli gani? Kontroli ina slaidi yake peke yake."

"Zamani!" Wembe alisimama, kiti kikaanguka. "Tulibadilisha! Sasa kipande cha kulinganishia kinabandikwa kwenye slaidi ileile ya mgonjwa, karibu na lebo, ili tujue rangi imeshika. Hapo unaangalia chembe za mgonjwa mwingine kabisa, wa zamani, ambaye tunajua kirusi alikuwa naye! Nilitangaza! Jumatatu, mbele ya watu wote, na wewe umekaa kiti cha mbele unanitazama usoni!"

Mkono wa Kapu ulipanda wenyewe mpaka nyuma ya sikio, ukagusa kile kifaa, ukabaki pale. Rangi ya aibu ilimpanda kutoka kwenye kola.

"Kwa hiyo zile tonsili…" alisema.

"Tonsili gani?"

"Kila slaidi ilikuwa na kipande cha tonsili! Kumbe ni kontroli. Nilikuwa naziruka, natafuta mgonjwa alipo. Ila hii, chembe za kontroli zinafanana na za mgonjwa, nikaona kahawia nikajua basi, nimefika." Akachangamka ghafla. "Lakini nililalamika! Wiki nzima nililalamika! Nilikutumia ujumbe!"

"Sikupata ujumbe wa tonsili hata mmoja."

Vichwa viwili vikageuka pamoja, kwa mpango mmoja, kama vile havijawahi kugombana, vikamtazama Daktari Mdogo.

Daktari Mdogo alitamani kuingia ndani ya blanketi la mtoto. "Nilisema… unamsalimia," alisema.

"Salamu!" alisema Kapu. "Nimesema maabara ni jalala, wewe ukapeleka salamu!"

"Na mimi nikarudisha," alisema Wembe kwa mshangao. "Nilidhani unataka tupatane. Nilikaa siku mbili nikifikiria nikuletee nini."

Mama mkwe alianza kucheka, kicheko cha tumboni kilichotikisa kiti cha magurudumu na mgonjwa wake. Refa alinyoosha kidole. "Mchezo… uendelee. Upande wa pili."

Kapu aligeuza slaidi, lebo kushoto. Safari hii hakuharakisha. Alisoma kutoka ncha mpaka katikati, mstari kwa mstari, na Wembe akifuata kwenye kichwa cha pili, midomo yote miwili ikienda pamoja kama watu wanaosali. Chembe zilikuwa kubwa na mbaya vilevile. Lakini viini vyake vilikuwa buluu. Buluu tupu, kila mahali, bila kidoa.

"Hayupo," alisema Kapu. Akaangalia tena kutoka mwanzo, maana sasa aliogopa. "Hayupo kabisa."

Alisimama, akazunguka meza, akainama mbele ya kile kiti. "Mzee wangu, nisamehe. Nilisoma chembe za mtu aliyekwisha kwenda zake, Mungu amrehemu, nikataka kukupa wewe dawa zake."

Refa aliirudisha kadi ya njano mbele ya macho ya Kapu, kwa sababu alikuwa mtu wa utaratibu, kisha akaiweka juu ya darubini. "Hii inabaki… hapa. Nyinyi… mtaihitaji."

Hakukosea. Hata kabla kiti hakijatoka mlangoni wawili hao walikuwa wanagombana juu ya jina la kuandika. Wembe alitaka jina lote refu kama lilivyo kitabuni, na maji na moyo na ukubwa wa chembe; Kapu alisema jina hilo litamaliza wino kabla ya mgonjwa kupona. Lakini waligombana wakitazamana, masikio wazi, na mwisho wakaandika lile refu, saini mbili chini yake, moja imelala kushoto na moja imelala kulia. Daktari Mdogo aliombwa aipeleke wodini. Akakumbuka sheria ya pili, akakataa. Wakaipeleka wenyewe, wote wawili, kwenye lifti moja.

Maji yalitolewa tena jioni hiyo hiyo. Dawa nyepesi ikaanza, na moyo wa Refa, ule mchovu wa kupanda ngazi, ukaipokea bila kugomba. Wiki zilipita, picha ya kifua ikaonyesha mapafu meusi meusi yaliyojaa hewa kama inavyotakiwa. Daktari wa wodi aliinama mlangoni, akaingia, akasema hatoi ahadi: moyo ni uleule, umri ni uleule, na ugonjwa huu utafuatiliwa kwa karibu. Lakini kwa sasa mzee anakwenda nyumbani.

"Yaani umeongezewa dakika," alisema mama mkwe wakiwa sebuleni, mtoto anatambaa kati ya miguu yao. "Ngapi?"

"Hilo analijua refa peke yake," alisema mumewe, kwa pumzi moja, bila kusimama popote katikati. "Na refa haulizwi."

Ili kulitia mkazo akaweka kipenga mdomoni na kupuliza. Mtoto akashtuka, akapiga yowe la kufumua dari. Daktari Mdogo akatoka jikoni mbio, akamnyanyua, akasikiliza kidogo. Safari hii alisikiliza yote, mwanzo mpaka mwisho. Si njaa, si usingizi. Lilikuwa ni lalamiko rasmi.

"Anasemaje?" aliuliza Refa.

"Anasema ni rafu, baba. Sipunguzi neno."

Mama mkwe akainuka bila haraka, akampapasa mumewe mfuko wa kushoto, akatoa kadi nyekundu, na kuinyanyua juu mkono umenyooka, akimwonyesha mlango wa chumbani. Refa alifungua mdomo kubisha, akamtazama mkewe, akamtazama mjukuu. Kisha akainamisha kichwa kama mchezaji muungwana na kutoka uwanjani, akitembea mwenyewe kwa miguu yake.